Kovu la Mashavu

Hewani, 4 Shaaban 1316

Kwa ndugu yangu Komora, aliye na Mzungu wake,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ni ugomvi. Juzi mmepita hapa na mitumbwi mitatu. Wanangu wamekimbia ukingoni wakipiga kelele, "Mjomba! Mjomba Komora!" na mimi nimetoka na unga mikononi nikidhani mnashuka. Wewe umekaa nyuma ya Mzungu, umeshika mwavuli, umetazama mbele. Hata mkono hukupunga. Lo! Shingo imekukauka siku hizi?

Halafu Jilo mpiga pondo wenu, huyu aliyekuletea barua hii, ametuambia kwamba mlikwenda moja kwa moja hadi Idsowe, na kwamba Idsowe nzima imechanjwa, mkubwa na mdogo, ili ndui isiwapate. Sisi Hewani tumekosa nini? Watu wananiuliza mimi, kwa kuwa wewe ni wangu. Nimewaambia mtarudi. Sasa unijibu kweli, mtarudi lini?

Wewe ulikuwa mdogo sana mama alipougua, huwezi kukumbuka. Mimi nakumbuka. Walimpeleka kwenye vibanda vya ng'ambo ya mto, na Bi Kotile, kwa kuwa uso wake ulikuwa na makovu ya ndui ya zamani, ndiye aliyekuwa akivuka na kibuyu cha maji. Ndivyo ilivyo kwetu mpaka leo: ndui haimrudii mtu, basi mwenye kovu anavuka kuhudumia wagonjwa, asiye na kovu anabaki upande huu akilia. Mimi nilibaki upande huu. Nilisikia mama akiita mpaka akanyamaza.

Sasa ndui imesikika Lamu, imesikika kwa wasafiri wa bara wanaokimbia njaa. Mimi ni mjane, nina wawili tu, Mashavu wa miaka kumi na mitatu na Buya wa miaka sita. Sitaki kusimama ukingoni tena.

Dada yako,
Mwanaarusi binti Buya


Kambi ya Garsen, 22 Desemba 1898
(tarehe ya Kizungu, ndiyo tunayotumia kazini)

Kwa dada yangu Mwanaarusi, shikamoo.

Usinikasirikie. Bwana hapendi kelele mtumbwini akiwa anaandika, na siku ile alikuwa anaandika. Watu wamempa jina la Bwana Pamba kwa sababu hashiki kitu bila kukifuta kwanza kwa pamba, hata kikombe chake cha chai. Lakini si mtu wa kuchekwa. Kwao ni mwalimu katika chuo kikubwa cha utabibu. Hakuja huku kutafuta pembe wala mashamba. Amekuja kujua.

Nikueleze kwa taratibu. Dawa ya chanjo inatoka kwa ndama, inasafirishwa ndani ya vichupa vyembamba vya kioo, na joto linaiharibu. Wakubwa wa chuo chake wanabishana: ikifika kwenye joto kama letu, bado inafanya kazi au imekufa? Hakuna anayejua. Kwa hiyo Bwana amevipanga vijiji vya mto kitabuni mwake, kimoja kinachanjwa, kinachofuata kinaachwa. Ndui ikija, atahesabu huku na huku, na atajua. Akishajua, dada, atakuwa amejua kwa ajili ya watu wa dunia nzima.

Idsowe imeangukia kuchanjwa. Hewani imeangukia kuachwa, kwa sasa. Si kwa ubaya, ni mpango tu.

Mimi nilichanjwa wa kwanza kabisa. Mkono ulivimba, nikalala na homa siku tatu, kidonda kikatoa usaha siku ya nane, na sasa nina kovu zuri la mviringo. Na ninakwambia wewe peke yako: Bwana ameniahidi kwamba kazi hii ikiisha bila kasoro, atanichukua hadi chuoni kwake nikasomee utabibu. Mimi, mtoto wa Hewani! Basi nivumilie.

Jambo moja. Nasikia Qabale, yule mama wa Waorma wenye ng'ombe, anachanja watu kwa usaha wa mgonjwa wa ndui. Usimpelekee watoto. Wengine wanapona, wengine anawaua. Tena watu wa Hewani wakichanjwa naye, hesabu ya Bwana itaharibika.

Ndugu yako mtiifu,
Komora


Hewani, 14 Shaaban

Komora,

Nimeisoma barua yako mara tatu, maana nilidhani macho yangu yana kasoro. Ndui ikija atatuhesabu! Haya. Na wewe umeandika hivyo kwa mwandiko mzuri, ule aliokufundisha marehemu mume wangu Maalim Godhana, kule Kipini, nilipokuwa nikitwanga mpunga wa watu ili wewe usitolewe chuoni.

Hukuandika habari ya Jumatano, basi nitaiandika mimi. Nimewaamsha watoto alfajiri, tumetembea kwa miguu hadi Idsowe tuliposikia mmerudi kukagua mikono ya watu. Buya nimembeba mgongoni nusu ya njia. Tumepanga mstari pamoja na wenyeji. Tulipofika kwako uliinua kichwa, ukatuona, ukatazama karatasi, ukasema mbele ya watu, "Hawa si wa hapa." Hukusema hawa ni dada yangu na wanawe. Umesema hawa si wa hapa.

Mashavu hakulia. Aliniuliza njiani, "Mama, kwani dawa imeisha?" Nikamwambia ndiyo, imeisha. Nimemdanganya mwanangu kukusitiri wewe.

Sasa sikia. Qabale amepiga kambi karibu na shamba letu la chini. Nimezungumza naye. Anasema watoto wataugua siku tisa, na kwamba katika kumi humpoteza mmoja. Nimeogopa, sikufichi. Lakini mmoja katika kumi ni afadhali kuliko kungoja kuandikwa kitabuni. Nakupa siku saba. Usipokuja na kichupa chako, nawapeleka.

Mwanaarusi


Kambi ya Garsen, 5 Januari 1899

Dada yangu mpenzi,

Nimefika salama na hakuna aliyejua nilikokwenda. Moyo wangu umefurahi kuwaona, na ule wali wako bado nausikia mdomoni. Mwambie Buya nimesema yeye ni shujaa, na mwambie Mashavu asikune.

Sasa roho yako itulie. Umeona kwa macho yako nilivyowachanja mikono ya kushoto, wote wawili. Kwa Qabale hakuna haja tena. Jambo hili lisitoke nje ya nyumba, maana Bwana akisikia nimechanja mtu wa Hewani, kazi imekwisha na safari yangu imekwisha.

Kesho tunapanda mto hadi Chewele. Mto una maji machache, mitumbwi inakwama mchangani, basi barua zitachelewa. Ndui ikikaribia, kaeni ndani, msiende kwa wagonjwa. Nasema hivyo kwa tahadhari tu.

Komora


Hewani, 13 Ramadhani

Kwa ndugu yangu Komora, daktari wetu,

Mwenyezi Mungu akulipe. Nilikusema vibaya, na leo nayafuta yote, hata ya mwavuli.

Ndui imefika. Wasafiri wawili wa bara walilala kwa Tadicha wiki tatu zilizopita, mmoja alikuwa na vipele mdomoni, hakuna aliyemtazama vizuri. Sasa nyumba sita zimepata. Mke wa Tadicha amekufa na mtoto tumboni. Vibanda vimejengwa ng'ambo, pale pale vilipokuwa vya zamani, na wagonjwa ishirini na wawili wamevushwa.

Lakini nani atawahudumia? Bi Kotile tulimzika zamani. Wazee wamekagua watu wote wa Hewani, wamepata wenye makovu watano, wote wakongwe, mmoja haoni. Wagonjwa wanaita maji mchana kutwa. Tunawasikia, Komora, mto wenyewe umekuwa mwembamba. Juzi nilikaa ukingoni nimeziba masikio, nikaona Mashavu amesimama kando yangu. Amekunja mkono wa kanzu yake mbele ya wazee akasema, "Mimi nina kovu. Mjomba wangu alinichanja." Wakamshika mkono wakalitazama. Nilikuapia nitaficha, lakini ningesema nini? Kwamba kovu lile silo?

Basi tangu jana anavuka asubuhi na alasiri, na kibuyu kichwani. Watu wanamwombea dua akipita. Mimi nimejivuna, naungama. Nilikuwa msichana wa ukingoni, na binti yangu ndiye anayevuka.

Na mkono wako ni mwepesi, wallahi! Watoto wa Idsowe walivimba wakaugua homa. Wangu hawakupata hata joto. Vidonda vilikauka siku ya nne, na makovu yamebaki mazuri, membamba. Hata Qabale alishangaa alipoyaona. Alisema hajawahi kuona chanjo isiyouma.

Njoo ukipata nafasi. Uji upo.

Dada yako,
Mwanaarusi


Chewele, 3 Februari 1899

Dada,

Barua yako imenifikia jana. Nakuomba umtoe Mashavu vibandani leo, usingoje kesho. Ni mtoto bado, kazi ile ni nzito, na tena ni mwezi wa mfungo. Chanjo nyingine huchukua muda mrefu kushika mwilini. Pengine miezi. Bwana mwenyewe husema hivyo. Wazee na watafute mtu mwingine.

Buya asiguse nguo za dada yake. Mashavu akae peke yake siku kumi na tano, asilale na mtu.

Fanya hivyo kwa ajili yangu, usiniulize maswali.

Komora


Hewani, 28 Ramadhani

Komora,

Barua yako imefika jana na imenichanganya. Mwezi uliopita umesema roho yangu itulie. Leo chanjo inachukua miezi. Kule Idsowe mlichanja wiki tatu tu kabla yetu, na wao wagonjwa wao wachache wamewahudumia wenyewe, na waliowahudumia wote wazima. Kwani dawa yao na yetu si moja?

Nimemwambia Mashavu maneno yako. Amesema, "Nikibaki nyumbani, nani atawapa maji?" Waliovushwa sasa wamefika thelathini na tisa. Nikimzuia, nitamwambia nini mama wa mtoto aliyelala kule? Kwamba ndugu yangu amepata hofu huko Chewele na hataki kueleza hofu ya nini?

Kama kuna jambo, liseme. Mimi si Bwana Pamba, huna haja ya kuniogopa.

Mashavu ameomba nafasi kwenye karatasi hii, basi nampa.

Mwanaarusi


Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila mgongo unauma kidogo kwa kubeba. Nakushukuru kwa kovu. Mwanzoni niliogopa kuvuka, lakini kila nikiogopa nalishika kwa vidole, naendelea.

Mjomba, nataka kukuuliza kwa kuwa wewe unajua. Nimeweka hesabu kama Bwana wako. Vibanda vya upande wa juu ninavifikia kwanza, wanapata maji na uji mara nne, kabla kibuyu hakijaisha. Vya upande wa chini wanapata mara moja au mbili. Juu wamelala kumi na saba, wamekufa wanne. Chini wamelala ishirini na wawili, wamekufa kumi na mmoja. Ni ndui ile ile. Je, ni maji? Kama ni maji, basi hata asiyekuwa na dawa anaweza kuwasaidia, tungepata tu watu wa kubeba. Mwulize Bwana wako, halafu uniandikie. Tangu jana nimeanza kugeuza, leo naanzia chini, kesho juu, ili nisiwaonee.

Nikiwa mkubwa nataka kazi kama yako.

Mashavu binti Godhana


Chewele, 17 Februari 1899

Dada yangu,

Nimejaribu kuandika barua hii mara nne. Nitasema haraka kabla sijaichana tena.

Sikuwachanja. Siku ile nilipokuja sikuwa na dawa. Kichupa ulichokiona kilikuwa na maji. Niliwakata kwa sindano safi, nikakata kwa kina zaidi ili kovu lionekane, uridhike, usiende kwa Qabale. Kovu la Mashavu ni la kukatwa tu. Halimkingi na chochote.

Vichupa vyote Bwana anavihesabu jioni na asubuhi. Ningeiba kimoja angejua. Na hata asingejua, watoto wawili wa Hewani wangekuwa wamechanjwa katika kijiji cha kuachwa, na hesabu ingekuwa ya uongo, na mimi ningekuwa nimeiharibu kazi ya mtu aliyevuka bahari. Ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia pia kwamba ndui haitafika, na ikifika nitakuja na dawa ya kweli. Lakini ukweli ni kwamba niliitamani safari. Niliogopa kuikosa kuliko nilivyowaogopea watoto wako.

Na mwezi huu ulipoandika kwamba anavuka, ningekwambia siku ile ile, ningekimbia na kichupa, pengine dawa ingemuwahi. Nikaandika upuuzi wa mfungo na miezi. Niliona aibu, dada.

Mtoe. Mtoe sasa. Kama mwili hauna joto, mpeleke kwa Qabale yeye na Buya, nakuomba, mimi niliyekukataza. Hizi hapa dawa za kweli, vichupa viwili, nimeviiba. Jilo anajua namna ya kuchanja, ameniona mara nyingi. Nimevifunga kwa majani ya mgomba yenye maji, avilowanishe njia nzima.

Nimemwomba Bwana ruhusa nije. Amesema tunakaribia mwisho.

Komora


Hewani, 20 Mfunguo Mosi

Komora,

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Idsowe wamefunga mto, hawaruhusu mtumbwi kupita kuja kwetu wagonjwa. Jilo alikaa kwao siku tatu akibishana, mwisho akauacha mtumbwi akatembea. Vichupa vilikuwa moto kama mawe ya jikoni. Alimchanja Buya hivyo hivyo, kidonda kikakauka bila kuvimba. Safari hii nilijua maana yake.

Mashavu alianza kuumwa siku ya Idi. Kumbe ule mgongo aliokuandikia haukuwa wa kubeba. Kisha homa, kisha vipele, usoni kwanza, halafu viganjani, halafu vikaungana vyote. Alishangaa. Alisema, "Mama, nina kovu," akawa analishika na kulishika. Wazee walitaka kumvusha na mimi nibaki. Nikawaambia yeyote atakayenigusa nitamng'ata. Nimevuka naye, bila kovu lolote, na nimekaa naye kibandani siku kumi na moja. Mimi sikuugua. Sijui kwa nini na wala sijali.

Jilo alisimama upande wa pili akanirushia barua yako imefungwa kwenye jiwe. Nimeisoma nimekaa chini, kichwa chake kikiwa pajani mwangu. Macho yake yalikuwa yameziba, lakini alisikia karatasi. Akaniuliza, "Mjomba anasemaje? Ni maji?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Anasema ni maji. Bwana wake amesema umepatia."

Akafurahi. Komora, alifurahi kweli, alitaka kucheka ila midomo ilikuwa imepasuka. Amekufa siku iliyofuata baada ya adhuhuri. Nimemkosha mwenyewe. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto nimesimama kidogo, halafu nimeendelea.

Buya nimempeleka kwa Qabale. Leo ni siku yake ya sita, ana homa, ameota vipele kumi na viwili mkononi, analia na kunitukana. Sijui kama atapona. Nimeshika roho mkononi.

Sikuichoma barua yako. Bwana wako akija kuhesabu, utakuja naye, utasimama mbele yangu, na utamtafsiria kila neno nitakalosema.

Mama Mashavu


Kipini, 30 Machi 1899

Dada yangu Mwanaarusi,

Tangu tuondoke mlangoni kwako hukutaka kuniona, basi naandika.

Najua ulichokiona. Bwana alipofika mlangoni kwako na kitabu, ulisema mbele ya wote, "Binti yangu alichanjwa, na aliyemchanja ndiye huyu," ukaninyooshea kidole. Bwana akaniuliza umesema nini. Nikamwambia, anasema binti yake amekufa, na hakuchanjwa. Akaandika, akafuta kalamu, akaenda nyumba ya pili.

Lakini dada, hakuchanjwa kweli. Ningesema amechanjwa, kitabuni ingeandikwa kwamba dawa imeshindwa kumkinga, na ingekuwa uongo, na watu wa mahali pengine wangeikataa dawa nzuri. Nilifikiri hayo yote kwa muda ule mfupi. Unaweza kunichukia, lakini yafikirie.

Hesabu imekamilika. Hewani wamekufa arobaini na wanne. Idsowe wawili. Bwana anasema haijapata kutokea hesabu safi kama hii, na chuoni watasimama kumpigia makofi. Anasema mwakani dawa italetwa mto mzima, kila kijiji bila kuruka. Hilo ni jambo kubwa, na Hewani ina sehemu yake.

Nilimwonyesha hesabu ya Mashavu. Nilimsomea yote, ya juu na ya chini. Alisikiliza vizuri, akasema ni kazi ya mtoto mwenye akili, lakini watu wenyewe ni wachache mno kupata jibu, halafu akaniambia nifunge sanduku la darubini.

Meli inaondoka Ijumaa kutoka Lamu. Nafasi yangu imo. Siwezi kuondoka bila neno lako. Utanisamehe? Niandikie hata mstari mmoja.

Buya amepona?

Komora


Hewani, 21 Mfunguo Pili

Komora,

Buya amepona. Ana kovu baya, lenye mashimo, la kweli.

Unaniuliza kama nitakusamehe. Sijui. Siku hizi sina nafasi ya kulifikiria jambo hilo. Mwakani mnaleta dawa, vizuri, nitaipokea, na nitawaambia watu waipokee. Usidhani nimekuwa mjinga kwa uchungu. Mimi naikumbuka Idsowe, wawili tu.

Lakini mwakani ni mwakani. Vibanda vya ng'ambo leo vina watu kumi na sita, maana ndui imewafikia watu wa shamba la chini baada ya ninyi kufunga kitabu. Hao hamkuwahesabu. Wenye makovu waliobaki wenye nguvu ni wawili. Buya anataka kuvuka, analia kila siku nimruhusu, lakini ana miaka sita, kibuyu kikijaa hawezi kukiinua. Mimi navuka, na hao wawili, waliougua wakapona, wanavuka. Tunaanzia chini siku moja, juu siku ya pili, kama alivyofanya yeye. Hatutoshi.

Wewe ulichanjwa wa kwanza. Uliniandikia mwenyewe: mkono ulivimba, ulilala na homa siku tatu, una kovu zuri la mviringo. Na sheria ya hapa unaijua.

Jilo atakungoja hapo Kipini mpaka Alhamisi jioni. Asipokuona atarudi peke yake, na mimi sitaandika tena.

Ukija, usipite nyumbani kwanza, wala usije na maneno. Kibuyu cha Mashavu kimetundikwa pale tunapofungia mitumbwi. Kijaze, uvuke.

Mama Mashavu